Ayubu Yuko Butiama

Ashukuriwe Mungu anayetupa pumzi asubuhi kabla hatujaiomba, anayewavumilia watoto wake wanapouliza yale yale kizazi baada ya kizazi. Yeye ndiye aliyenifikisha umri huu, nikiwa na macho ya kuona ziwa likibadilika rangi na akili ya kuwakumbuka walionifundisha. Kwa msaada wake naanza.

Mtu ninayemkumbuka tulimwita Mwinjilisti. Jina alikuwa nalo, lakini aliwahi kuniambia kwamba nikija kusimulia habari zake niliache jina lake lilale, nisimulie maswali ya watu. Alihudumu katika kanisa letu la Buhare, pale mji wa Musoma unapoanza kuwa mashamba. Mimi nilikuwa fundi katika kiwanda cha nguo, na baadaye mzee wa kanisa hilo. Nilimjua miaka ambayo maduka hayakuwa na kitu, nikamjua pia miaka ambayo maduka yalijaa tena, na katika yote mawili alivaa koti moja la kahawia lililopauka mabegani.

Alitembea polepole, na akiwaza alisimama katikati ya njia. Baiskeli zilimpita kulia na kushoto, wenye baiskeli wakisema, "Mwinjilisti yuko Kanaani leo," naye akainua mkono kuwasalimu bila kuwatazama. Nikiota ndoto zangu za sasa, ndivyo anavyonijia: amesimama kwenye vumbi jekundu, nyuma yake ziwa limetulia kama shuka lililonyooshwa.

Kazi yake hasa, mbali ya kuhubiri, ilikuwa kupokea maswali ya Biblia. Baada ya ibada alikaa kwenye benchi la nje, watu wakamfuata mmoja mmoja. Na alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wengi: swali halikujibiwa siku lililoulizwa. "Nenda ukalale nalo," alisema. "Jumapili ijayo ukiwa bado unalitaka, njoo." Wengine hawakurudi, wakawa wamelisahau. Waliorudi ndio aliowajibu. Watu wakamtania kwamba anafuga maswali kama kuku, anangoja yatage.

Mama mmoja muuza dagaa alimuuliza, "Mwinjilisti, hao maskini wa roho wanaoitwa heri ni nani? Ni watu wenye roho mbaya?"

Wiki iliyofuata mama akarudi, na Mwinjilisti akamuuliza, "Juzi kwenye foleni ya unga, pale duka la ushirika, ulisimama wapi?"

"Mwisho kabisa."

"Mkononi ulikuwa na nini?"

"Kikapu kitupu, Mwinjilisti. Ningekuwa na nini tena?"

"Basi maskini wa roho anasimamaga hivyo mbele za Mungu. Na kikapu kitupu, na anajua ni kitupu."

Mama akafikiri, kisha akasema, "Lakini mimi unga uliisha kabla sijafika dirishani. Naomba Mungu asiwe kama lile duka."

Mwinjilisti alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa koti, na jibu hilo la mama akalihubiri mwezi mzima.

Mwalimu wa kwaya naye alitaka kujua maana ya neno Sela linalokutwa katika Zaburi. Hilo lilichukua muda, maana Mwinjilisti alimwomba mchungaji awaulize waliosoma lugha za kale. Jibu likarudi kwamba hata wao hawana hakika. Huenda ni alama ya waimbaji kunyamaza kidogo.

"Kwa hiyo sisi tufanyeje?" aliuliza mwalimu wa kwaya.

"Tunyamaze kidogo."

Tangu hapo, Zaburi ikisomwa Buhare, msomaji akifika kwenye Sela alifunga mdomo na kanisa zima likatulia. Ungesikia kuku wakiparua nje, ungesikia bati likilia kwa jua, na upepo ukitoka ziwani ungesikia hata maji. Wageni walidhani msomaji amepotea mstari. Sisi tuliupenda ukimya ule. Mpaka leo nikisoma peke yangu sebuleni huwa natulia hapo hapo, na mke wangu jikoni anajua nasoma nini.

Nisimpambe kupita alivyokuwa. Huyo aliyewafundisha wengine kungoja, yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Midomo yake ilikuwa imeungua siku zote. Alihubiri tusinung'unike kama Waisraeli jangwani, halafu chai ikiletwa bila sukari alinung'unika kuliko Waisraeli wote. Na aliogopa maji. Alizaliwa kando ya ziwa lakini hakuwahi kupanda mtumbwi, na akihubiri habari za Petro kutembea juu ya maji aliligeuzia ziwa mgongo. Wavuvi walimcheka. "Mwinjilisti, imani yako ndogo!" Alijibu, "Petro naye alizama, na alikuwaga mvuvi." Wavuvi hao hao walibishana mbele yake kama Yona alimezwa na sangara au kamongo. Akawaambia Andiko limesema samaki mkubwa tu, anayetaka jina la samaki ni mnunuzi.

Sasa nije kwenye jambo lililomfanya ajulikane mpaka Bunda na Butiama.

Miaka ile Biblia hazikupatikana. Duka lililokuwa likiziuza mjini lilikuwa na rafu tupu na picha moja ya Mwokozi ukutani. Kanisa letu lilikuwa na Biblia moja kubwa ya mimbarini, na mchwa walikuwa wameshakula mgongo wake. Jumapili moja Mwinjilisti aliibeba mpaka Mwisenge, kwa fundi viatu, Mwislamu mtaratibu ambaye kibanda chake kilikuwa karibu na mashine ya kusaga. Nilikuwa pamoja naye. Akamwomba aifumue, kila kitabu peke yake, na kila kimoja akishone upya na kukipa jalada la turubai.

Fundi alirudisha mikono nyuma. "Mzee, hiki ni kitabu cha Mungu. Mimi nashona makubadhi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Una shazia, sindano inayopenya ngozi, na una mkono mwepesi."

Fundi akaenda akanawa, mikono, uso na miguu, kama anayekwenda kusali, ndipo akashika kisu. Uzi nilitoa mimi, ule wa kiwandani. Alipofika katikati ya kazi akainua macho na kusema, "Huyu Ayubu hata sisi tunaye." "Basi mshone vizuri," Mwinjilisti akamjibu, "ni ndugu yetu wote."

Wazee wa kanisa walimjia juu. "Unachinja Neno la Mungu!" Akasema, "Nalipeleka majumbani." Na ndivyo alivyofanya. Kila nyumba ilipewa kitabu kimoja ikitunze na kukisoma, na mwenye swali alitakiwa kutembea mpaka kwenye nyumba kinamokaa kitabu hicho, akaribishwe, asome pale pale na wenyeji. Zile siku za kulala na swali zilipata kazi: ulilala nalo, ukaenda nalo kwa jirani ambaye pengine hamkuwa mnasalimiana.

Haukupita muda watu wakaitwa kwa vitabu vyao. Kulikuwa na Baba Waamuzi, ambaye kweli alianza kuamua ugomvi wa mtaa mzima. Mambo ya Walawi alipewa mchinja nyama, akafurahi sana kukuta figo na mafuta yametajwa kwa heshima. Wimbo Ulio Bora walipewa bibi na babu wakongwe kuliko wote, na jioni tukipita tulisikia babu anasoma na bibi anamwambia, "Wewe mzee, punguza sauti, watu wanapita."

Kitabu kimoja kilirudi, na kikarudi tena. Ayubu. Nyumba ya kwanza kukipokea, ng'ombe wao akafa. Ya pili, mtoto akavunjika mkono. Ya tatu hawakungoja. Walikirudisha kesho yake kimefungwa kwenye kitambaa, kama unavyorudisha sufuria ya jirani. "Mwinjilisti, utusamehe, kitabu hiki kinaita msiba." Yeye aliwaeleza kwamba kitabu hakiui ng'ombe, ila alieleza bure. Tulikuwa Wakristo wa kweli, lakini hakuna aliyetaka Ayubu alale chini ya paa lake.

Ndipo akasimama mama mmoja katika ibada. Alikuwa amezika watoto watatu kwa surua, msimu mmoja, miaka hiyo ya shida, na mume wake alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu na hakurudi wala hakutuma neno. Mwinjilisti ndiye aliyewabatiza watoto wale, na ndiye aliyewazika.

"Nileteeni mimi hicho kitabu," alisema. "Kwangu kitakuta kazi imeshafanyika."

Mwinjilisti alishuka mimbarini akampa kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo tulimwita Mama wa Ayubu.

Alikisoma kuliko sisi wote tulivyosoma vyetu. Na baada ya mavuno alikuja kwenye benchi na swali lake. Nilikuwa karibu, nililisikia lote.

"Mwinjilisti, mwisho wa kitabu Mungu alimrudishia Ayubu mali, akampa na watoto wengine. Hao wa mwisho, mabinti wametajwa mpaka majina, Yemima, na Kesia, na mwenzao. Wale wa kwanza walioangukiwa na nyumba hawakutajwa jina hata mmoja. Nataka kujua Mungu anawakumbuka wale wa kwanza, au aliwabadilisha tu kama mtu anavyobadilisha sahani iliyovunjika?"

"Nenda ukalale nalo, mama."

"Nimelala nalo muda mrefu, Mwinjilisti. Sasa lala nalo wewe."

Akaondoka. Na Jumapili iliyofuata Mwinjilisti hakuwa na jibu, wala ile iliyofuata. Kabla hajalipata, mama yule alihama akarudi kwao Butiama kulima, akaenda na Ayubu kwenye kapu la nguo zake.

Miaka ikageuka. Mipaka ikafunguliwa, sukari ikarudi, mitumba ikaja, na kiwanda chetu kikaanza kukohoa mpaka kikanyamaza. Tukaona Biblia mpya madukani, zenye zipu na kingo za rangi ya dhahabu. Ukaja pia wakati wa kujenga kanisa jipya la matofali, na mchungaji akaamua kwamba ile Biblia ya zamani ishonwe tena iwe moja, iwekwe mbele siku ya kufungua, iwe ushuhuda. Vitabu vikarudi kutoka nyumba moja moja, vingine vinanuka moshi, vingine vinanuka samaki. Walawi alikuwa na alama ya kidole chenye mafuta. Vyote vilirudi isipokuwa Ayubu. Mwinjilisti akatumwa Butiama kukifuata, nami nikaandamana naye.

Ndani ya gari alikaa dirishani, midomo ikimchezacheza. Nilidhani anasali. Nje mawe makubwa ya nchi ile yalikuwa yakitokea na kupotea katika ukungu wa asubuhi, na kwa muda nilisinzia, nikiamka namwona bado anachezesha midomo, taratibu, kama mtu anayehesabu watu wake wasiachwe nyuma.

Tulimkuta Mama wa Ayubu anaanika muhogo kwenye jiwe. Alitupokea kwa furaha, akatuwekea viti, akaleta chai yenye sukari. Mwinjilisti akaungua mdomo. Halafu akaeleza tulichokijia.

"Kitabu nitatoa," mama alisema. "Jibu langu liko wapi?"

Nikaingilia kati. Nilikuwa nimewahi kusikia mhubiri mgeni akieleza jambo hili, na maelezo yake yalinipendeza, bado yananipendeza. "Mama," nikasema, "angalia, kondoo na ngamia Mungu aliwarudisha mara mbili. Watoto alirudisha idadi ile ile. Maana yake wale wa kwanza hawakupotea, wako mbinguni, ukijumlisha wanakuwa mara mbili."

Alinitazama kwa upole. "Ee baba, hilo nimeshaletewa hapa, na watu wazuri. Walikuja na kipaza sauti. Lakini hiyo si hesabu ya ng'ombe? Mimi sikuuliza wako wangapi."

Akamgeukia Mwinjilisti. Yeye aliweka kikombe chake chini.

"Sijui, mama," akasema. "Kwamba Mungu anawakumbuka, hilo naliamini. Kwa nini hakutuandikia majina yao, sijui. Nimelala nalo miaka yote hii na sijui."

Nikadhani atakasirika. Mama alichukua kikombe akamwongezea chai. "Basi kitabu kitakaa. Ukijua, uje."

Tulirudi Musoma mikono mitupu. Kwa ajili ya siku ya kufungua kanisa Biblia ilishonwa ikiwa na pengo. Fundi viatu, ambaye sasa alikuwa na mvi, alitaka kuvuta uzi ili Esta akutane na Zaburi na pasionekane kitu. Mwinjilisti akamzuia. "Acha nafasi yake." Kwa hiyo ukifunua pale katikati, kurasa zinaachana zenyewe na unaona uzi mtupu.

Kilichofuata ndicho kilichowashangaza watu. Kila mwaka baada ya mavuno Mwinjilisti alipanda gari kwenda Butiama. Alikunywa chai, akasema, "Bado sijui, mama," wakasoma sura moja, akarudi. Mchungaji alimwambia, "Mzee wangu, unatumia nauli kwenda kusema hujui?" Akajibu, "Niliahidi jibu. Nikikaa kimya atadhani nimesahau swali." Nilimsindikiza mara nyingine mbili tatu, na kila mara kwenye gari midomo ilimchezacheza vile vile.

Alipozeeka binti yake alimchukua kwenda kuishi naye Bunda, mtaa wa Nyasura. Macho yaliingia ukungu, moja kwanza, kisha la pili. Nilikuwa nikipita kumsalimia nikienda kumwona ndugu yangu wa kwenye kinu cha pamba. Alinijua kwa kikohozi.

Mara ya mwisho niliyokaa naye ilikuwa saa za alasiri. Mwanga wa Nyasura saa zile ni wa njano, na vumbi la pamba linaelea ndani yake kama linalosita kutua. Tulikuwa tumekaa barazani. Geti likafunguka, akaingia mwanamke mzee mwenye kanga mbili, ameshika kapu.

"Hodi humu. Bwana asifiwe."

Mwinjilisti alikaa wima. "Amina. Karibu, Mama wa Ayubu."

"Mwaka huu hukuja kusema hujui."

"Macho, mama. Gari silioni mpaka linipitie."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Akaketi, akapumua. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Waliokuja na majibu walikujaga mara moja moja tu. Wewe ulirudi kila mwaka huna kitu. Nimechoka kukudai." Akatoa kwenye kapu kile kitabu chenye jalada la turubai, akakiweka magotini kwa Mwinjilisti.

Yeye alikipapasa kingo zote. Aligusa mshono wa fundi. "Nisomee," akasema. "Anza mwanzo."

Mama akakichukua tena, akasoma. Alisoma bila kufuata kwa kidole, alikuwa anakijua. Akafika pale mjumbe wa mwisho anapomwendea Ayubu kumwambia kwamba upepo umetoka jangwani ukaipiga nyumba, na vijana wamekufa. Akasita kidogo kuvuta pumzi.

Na katika kusita kule Mwinjilisti akasema, taratibu, akiwa ameelekeza uso kwenye mwanga asiouona:

"Wambura. Magesa. Nyangeta."

Sasa nilijua midomo ile ilikuwa inasema nini njia nzima ya Butiama, miaka yote ile.

"Uliyashika," mama akasema.

"Niliyasema majini, nikawabatiza. Nikayasema kaburini. Nikiisoma sura hii huwa nayasema hapa. Jibu sina, mama. Nina hayo."

"Watu waliogopaga kuyataja mbele yangu. Walidhani wananihurumia." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Yaseme tena."

Akayasema tena. Tukanyamaza, kama tulivyonyamazaga Buhare kwenye Sela, na binti wa Mwinjilisti aliyekuwa anatwanga nyuma ya nyumba akaacha kutwanga, sijui kwa nini.

Mama alipoinuka kuondoka, nilimkumbusha kitabu; nilisema naweza kukipeleka Musoma kikashonwe mahali pake, pengo likaisha. Yeye alikuwa tayari. Mwinjilisti ndiye aliyetikisa kichwa. Akakipapasa, akakiweka mikononi mwa mama, mikono miwili kama mara ya kwanza.

"Kina nyumba yake," akasema. "Mtu akifiwa akawa na swali, nani atamkaribisha?"

Hakuuona msimu mwingine wa pamba. Tulimzika, na Mama wa Ayubu alikuja, akasimama upande wa wanawake, akataja jina la Mwinjilisti kwa sauti mbele ya watu wote. Mimi hapa silitaji, kwa kuwa nilimwahidi.

Ile Biblia bado iko kanisani kwetu. Watoto wa shule ya Jumapili wakiifunua na kukuta uzi mtupu kati ya Esta na Zaburi, huniuliza, "Babu, Ayubu yuko wapi?" Nami huwaambia, "Ayubu yuko Butiama. Mtakapokua, mkiwa na swali lake, pandeni gari mwende. Mtapewa chai."

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu Baba akubariki katika swali ulilolala nalo muda mrefu. Akupe mtu wa kurudi kwako kila mwaka hata akiwa hana jibu, na wale wako wa kwanza, uliowazika na watu wakaacha kuwataja, awataje Yeye mmoja mmoja kwa majina yao. Amina.